Itamsaidia Nini?

Katika kikao cha wazazi cha shule moja hapa Turiani, mama mwenye genge alisemwa mbele za watu kwa kumwachia mwanawe wa darasa la tano simu acheze Tetris, ule mchezo wa kupanga maumbo yanayoshuka, pale gengeni. Mjumbe mmoja wa kamati akafunga kazi kwa swali lililopigiwa makofi: "Itamsaidia nini?" Nilirudi nyumbani nimefura, na bado sijapoa.

Mchezo mzuri, tukubaliane, ni ule unaomkuza mtoto bila kumdhuru. Kwamba simu inaumiza macho na kula usingizi ni hoja ya haki: mzazi aweke muda, yaishe. Ila hilo "itamsaidia nini" linaniudhi kwa sababu muulizaji hangoji jibu. Msaada anaoujua ni alama za mtihani tu. Nikimwambia mtoto anazoea kuligeuza umbo kichwani kabla halijatua, ataniuliza hilo limo kwenye silabasi gani, na hapo nimeshanasa, kwani nimekubali kila furaha ya mtoto ilipiwe ushuru. Basi tuendelee kuuliza. Mtihani utamsaidia nini? Apate kazi. Kazi? Apate fedha. Fedha? Apate wasaa wa kufanya anachokipenda. Si ndicho mtoto yule alichokuwa akifanya pale gengeni? Sisi wenyewe hujaa uwanja wa Manungu kuitazama timu ya soka ya Mtibwa Sugar, bingwa wa nchi 1999 na 2000, na hakuna anayetudai faida. Tena si huku kwetu tu: Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliifikisha Tetris ya Nintendo mahali ilipokwama yenyewe, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifanya. Mtangazaji mmoja wa Uingereza akamshauri atoke nje akapate hewa. Kumbe wajumbe wa namna hii wapo kila mahali.

Na mjumbe wetu, jioni utamkuta kwenye bao. Bao nalipenda mno, mnisamehe nikipotea kidogo: mashimo 32, kete 64, kila mmoja akianza hatua ya namua na kete 22 mkononi, kisha hatua ya mtaji, na fundi anajua kete zitalala wapi kabla hajazishika. Mzee akilikodolea macho shimo lake la nyumba dakika nzima bila kugusa kitu, nani amwambie anapoteza muda?

Lakini bao lina mpinzani wa kutaniana naye, na watazamaji wasiokoma kuingilia. Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, ina maumbo saba yanayoshuka kwa kasi inayozidi, na mtoto yuko peke yake mpaka ashindwe. Je, kushindwa tena na tena bila mtu wa kukucheka kunamfaa mtoto? Mara naona ni ustahimilivu, mara naona ni upweke mtupu. Sijaamua.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaipokonya hiyo simu, kaa ubavuni mwake mpokezane raundi mbili tatu. Akishakushinda, na atakushinda, ndipo uje tubishane.