Rafiki wa mtu aliyeanguka



Luka, katika sura ya 3, anataja mwaka wa kumi na tano wa utawala wa Tiberio Kaisari. Sisi tunasoma jina hilo haraka na kupita. Lakini katika miaka ile mtu mwingine ndiye aliyeshika mji wa Roma mkononi. Jina lake Sejanus. Anguko lake linatuletea ulizo moja: mkubwa akianguka, yule aliyekula mezani pake aseme nini?

Sejanus hakutoka katika jamaa kubwa za Roma. Baba yake alikuwa mkuu wa askari walinzi wa Kaisari. Mwaka wa 14 mwana akawekwa pamoja naye katika kazi ile, kisha akabaki peke yake. Askari wale walikuwa wametawanyika. Yeye akawakusanya katika kambi moja, na tangu hapo kila mtu aliona nguvu ziko wapi. Mwaka wa 26, Kaisari akiwa anakula ndani ya pango, mawe yakaanguka. Wengine wakakimbia, Sejanus akamfunika bwana wake kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka uliofuata Tiberio akaenda kukaa katika kisiwa cha Capri, na barua za kwenda na kurudi zikapita mikononi mwa askari wa Sejanus. Watu wakamsimamishia sanamu, wakasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Hata kujulikana na bawabu wake ilikuwa sifa. Mambo haya si mageni kwetu: mkubwa akiwa kwenye kiti ua wake unajaa watu, akitolewa ua unaota majani.

Siku ya 18 Oktoba mwaka wa 31, baraza la wazee lilikusanyika kusikiliza barua ya Kaisari. Sejanus alikuwa amedanganywa kwamba inamletea cheo kipya, na wazee wakampongeza. Barua ilikuwa ndefu, ikizunguka huku na huku, mwisho ikaagiza awekwe chini ya ulinzi. Ilipokuwa ingali inasomwa, walioketi karibu naye wakaanza kuhama. Mimi nafikiri sana juu ya viti vile. Hakuna shahidi aliyekuwa amesimama. Ilikuwa barua tu, na miguu ikajua njia. Siku ile ile Sejanus akauawa, sanamu zikavutwa chini kwa kamba. Baadaye hata watoto wake waliuawa, na mmoja, binti mdogo, alikuwa akiuliza amekosa nini.

Mtu atasema, alistahili. Yeye, pengine; wengi waliangamizwa kwa hila zake. Lakini wale waliohama viti walikuwa wanamjua tangu zamani. Kama alikuwa mwovu siku ile, alikuwa mwovu pia walipompongeza.

Mwaka wa 32 mtu mmoja, Marcus Terentius, alishitakiwa kwa sababu ya urafiki huo. Wengine wote walikana. Yeye akasimama mbele ya wazee akakubali: nilikuwa rafiki yake, niliutafuta urafiki huo, na nilipoupata nilifurahi. Akaongeza kwamba Kaisari mwenyewe ndiye aliyemwinua Sejanus, na sisi tulimheshimu yule uliyemheshimu wewe. Kama urafiki ule si kosa kwako, si kosa kwetu.

Maneno ya kwanza nayapenda. Ya pili yananisumbua. Alisema pia kwamba kazi ya kuchagua ni ya Kaisari, na sifa ya watu wa chini ni kutii. Hapo alijificha nyuma ya Kaisari kama wenzake walivyojificha nyuma ya uongo. Macho alikuwa nayo, na alijua nani anafukuzwa na nani anafungwa. Hata hivyo, kama ningepewa kuchagua kiti, ningeketi karibu na Terentius.

Wazee wakamwachilia, na walioleta mashitaki wakaadhibiwa wao. Lakini mwaka wa 33 Kaisari akaamuru kwamba wote waliobaki kifungoni kwa ajili ya Sejanus wauawe. Wakauawa wanaume na wanawake, wenye majina na wasiojulikana. Jamaa zao walikatazwa kukaribia au kulia, na walinzi walisimama pale pale wakiangalia ni nani mwenye machozi.