Ushahidi wa Pweza

Pweza nimjuaye mimi ni yule wa supu ya jioni, wa kusimama kando ya barabara na kijiti mkononi. Huyu wa leo ni mwingine. Anaitwa pweza wa Turquet, na kwao ni sakafu ya bahari inayoizunguka Antaktika. Watoto wake hawachukuliwi na mikondo. Wakianguliwa hutambaa papo hapo chini, kwa hiyo ukoo hauendi mbali.

Sasa sikia ajabu. Bahari ya Weddell iko upande huu, ya Ross upande ule, na katikati limelala bamba la barafu la Antaktika Magharibi, nene hata kupita kilomita 2 mahali pengine. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2023, uliosoma jeni za pweza 96, ulikuta kwamba wa pande hizo mbili waliwahi kuchanganya damu, yapata miaka 125,000 iliyopita. Walipitia wapi? Jibu linaloelekea zaidi ni kwamba barafu ile ilikuwa imeporomoka, pakawa na maji. Wakati huo dunia ilikuwa na joto la nyuzi 0.5 hadi 1.5 tu juu ya lile la kabla ya viwanda, na bahari ilisimama mita 5 hadi 10 juu ya ilipo leo. Sisi nyuzi 1 tumeshaipita.

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja, mbishi kweli. Akanijibu: “Bwana we, si umesema mwenyewe barafu iliyeyuka bila kiwanda hata kimoja? Basi lawama ya nini?”

Jamani, hoja hiyo ilinikosesha usingizi. Ni kweli, zama zile ni njia ya dunia kulizunguka jua iliyobadilika. Hakuna aliyewasha kitu. Ila mtu akifa kwa radi tunazika, akifa ndani ya nyumba iliyotiwa moto tunauliza nani alikuwa na kiberiti. Kifo kimoja, kesi mbili. Tena kule kuwahi kutokea ndiko kunakotubana. Asiyejua kwamba nyumba huungua aweza kusamehewa. Sisi pweza katuonyesha majivu, naye hata hajui kwamba katoa ushahidi.

Nikarudi kumwambia hivyo. Akacheka, akaniuliza: “Haya, hao wenye kiberiti ni nani? Mie na wewe, tusio na hata pikipiki?”

Hapo sikuwa na jibu. Tukaagiza supu.