Upande wa Mwezi Usioonekana

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya mwezi kuwa kipimo cha nyakati kwa watu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Liko swali dogo kwa umbo lake, kubwa kwa maana yake: mtu akijaza kwa kubuni mahali asipopajua, wala hakumdhulumu mtu mali yake wala damu yake, je, ametenda kosa? Wengi watajibu upesi kuwa ni kosa, kwani ni uwongo. Lakini wakiulizwa uwongo huo umemdhuru nani, watanyamaza. Basi ni vyema swali hili lipimwe kwa mfano wa kazi ya mikono, nayo ni kutengeneza tufe la mwezi kwa karatasi. Kwani jambo la mikono huonekana kwa macho.

Na akadirie msomaji chuo cha Qur'ani katika Tingi, nchi ya Ziwa Nyasa katika mkoa wa Ruvuma, ambayo zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Mbinga, na tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Nyasa. Upande huo si mgeni kwa watu wa pwani, kwani misafara ya Kilwa katika karne ya 19 ilikuwa ikifika hata ziwa hilo. Ila mtu wa pwani bahari yake iko mashariki, na jua humchwea juu ya nchi kavu. Mtu wa Nyasa maji yake yako magharibi, na mwezi mwandamo huutazamia upande wa ziwa. Mwalimu wa chuo hicho akitaka wanafunzi wake waujue vyema mwezi wanaoungoja kila mwisho wa Shaabani, awatengenezeshe tufe lake.

Kazi yenyewe ni hii. Huchukuliwa mpira wenye kipenyo cha sentimita 21, ukapakwa mafuta, kisha ukabandikwa karatasi kuukuu tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa muhogo. Zikikauka, ganda hukatwa katikati, mpira ukatolewa, na nusu mbili zikaungwa tena. Mzingo wa tufe hilo, kwa hesabu ya 22 kwa 7, ni sentimita 66. Ramani ya mwezi hugawanywa vipande 12, kila kimoja upana wake katikati ni sentimita 5 na nusu, na urefu wake ncha hata ncha ni sentimita 33, mfano wa jani la mwembe. Sababu ya kukata hivi ni kuwa ganda la chungwa halitandazwi mezani ila lipasuke, na karatasi bapa haivai tufe ila ikatwe. Ilimu hii ya kuhamisha duara juu ya ubapa wameishughulikia wanavyuoni wa Kiislamu tangu zamani, na miongoni mwa walioandika juu yake ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 362 wa Hijra, nao ni 973 wa Masihiya. Na kwa kuwa kipenyo cha mwezi ni kilomita 3,474, kila sentimita moja ya tufe la chuo ni kama kilomita 165. Wala asihofu mtu kuwa haya ni katika masanamu yaliyokatazwa, kwani mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi wameruhusu sura ya kisicho na roho, kama mti na jua na mwezi.

Sasa ichukuliwe kuwa ramani iliyoko chuoni imetoka katika kitabu kikuukuu, nayo yaonyesha uso wa mwezi tu. Mwezi huizunguka ardhi kwa siku 27 na thuluthi, na katika muda huo huo hujizungusha wenyewe mara moja. Kwa hivyo hautuonyeshi ila uso mmoja, isipokuwa ukingo mdogo unaofunuka kwa kuyumba kwake. Basi vipande 6 vimechorwa, na vipande 6 ni vyeupe. Kijana mmoja akaona haya kwa weupe ule, akachukua wino akachora milima na mabonde ya kubuni, kwa kufuata mfano wa upande wa mbele. Tufe likapendeza. Wazee waliopita barazani wakamsifu, na hapana hata mmoja aliyejua wapi ilikoma ramani na wapi ulianzia mkono wa kijana.

Atakayemtetea atasema: huu ni wino tu juu ya karatasi, hapana aliyepoteza hata senti, wala mwezi haukupungukiwa kitu, na mtoto amekusudia kupamba, si kudanganya. Maneno haya yana nguvu, na haifai kuyapuuza. Lakini jibu lake limo katika yale macho ya wazee. Mtazamaji hawezi kupambanua lililoonekana na lililobuniwa, kwa kuwa yote mawili yamechorwa kwa wino mmoja. Siku atakapojua kuwa nusu ya nyuma ni ya kubuni, ataitilia shaka na nusu ya mbele, ambayo ilikuwa kweli. Basi kijana hakuongeza vipande 6 vya uwongo tu, bali ameviondolea heshima vipande 6 vya haki. Hili ndilo dhara, nalo ni dhara la ushahidi: mwenye kushuhudia asiloliona huuharibu na ushahidi wa lile aliloliona.

Mwaka 1797 Mwingereza mmoja jina lake John Russell, mchoraji, baada ya miaka mingi ya kuutazama mwezi, alitoa tufe lake aliloliita Selenographia. Upande usioonekana aliuacha mtupu. Weupe ule haukumletea aibu. Bali ndio uliothibitisha kuwa kila kilichochorwa mbele kilichorwa kwa kuonekana. Ikapita miaka 162, hata tarehe 7 Oktoba 1959, chombo cha Urusi ya Kisovieti kilichoitwa Luna 3 kikapita nyuma ya mwezi kikaupiga picha. Na ilipoonekana nyuma, haikufanana na mbele. Zile nyanda nyeusi ambazo watu wa kale waliziita bahari, ingawa hazina maji, hufunika karibu thuluthi ya uso tuuonao. Nyuma ni kama sehemu 2 tu katika 100, na pote pengine ni nchi iliyojaa mashimo ya duara. Mojawapo ya mashimo hayo, karibu na ukingo, limepewa jina la al-Biruni. Basi na azingatie mwenye kusoma fikihi: kijana alifanya kiasi, akaupima usioonekana kwa unaoonekana, wala hakuwa na illa ya kuviunganisha viwili hivyo, na kiasi kisicho na illa hakifai katika hukumu, wala hakikufaa katika mwezi.

Na yaliyo bora kuliko haya ni mwenendo wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Alipofiwa na mwanawe Ibrahim, katika mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Maneno hayo yalikuwa ya kumtukuza, na moyo wake ulikuwa na huzuni; lau angenyamaza tu, yangeenea. Hakuyaacha. Aliwabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa yeye hakukubali kupambwa kwa lisilo kweli, basi tufe la karatasi lastahiki zaidi kuachwa bila pambo hilo.

Lakini isidhaniwe kuwa weupe ni kimbilio la mvivu. Kusema "sijui" ni sifa kwa aliyetafuta akakosa, na ni aibu kwa aliyelala. Imamu Shafi alikuwa na kauli zake za kale alipokuwa Iraki, na alipohamia Misri, alikofariki mwaka 204 wa Hijra, akazitazama upya na akageuza alizoona hoja yake kuwa na nguvu zaidi. Na leo upande wa nyuma wa mwezi umekwisha kupimwa na ramani zake zipo. Mwenye kuuacha mtupu hali aweza kuipata ramani, huyo anaficha ilimu. Kwa hivyo mwalimu wa Tingi yampasa amwamuru kijana abandue vile vipande 6, aviache vyeupe, kisha yeye mwenyewe atume Songea au Dar es Salaam iletwe ramani ya kweli.

Na matunda ya adabu hii yataonekana usiku wa kuamkia tarehe 30 ya Shaabani, wingu likitanda juu ya ziwa, na watu wamesimama wakitazama magharibi. Palepale atatokea mwenye haraka, apende kusema ameuona, ili asirudi mikono mitupu, au ili mji wake usipitwe na miji mingine. Ni wangapi wamegombana katika pwani hii, ndugu kwa ndugu, huyu amefunga na huyu hajafunga, kwa sababu ya neno la mtu asiyejali alichokiona! Sharia imekwisha kutuondolea dhiki hiyo: mwezi ukifichwa na wingu, hutimizwa siku 30. Ile siku ya 30 ndiyo karatasi nyeupe ya Waislamu. Haikuachwa kwa upungufu wa dini, bali kwa ukamilifu wake. Kijana aliyefundishwa kuviacha vipande vyake vitupu atasimama ufukweni, atazame mpaka macho yamchoke, kisha aseme mbele ya watu: sikuuona. Na akisema mwaka mwingine kuwa ameuona, atasadikiwa.

Wallahu aalam.