Tetekuwanga ya Mgeni

Mtoto alirudi mlimani Lutindi kutoka kupandikizwa uloto, akiwa mnene. Macho yake, yaliyokuwa na unjano wa sikoseli tangu utotoni, sasa yalikuwa meupe. Mlima mzima ulitaka kumwona.

Kisa nimekitunga, matibabu ni ya kweli: tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikizia uloto watoto wenye sikoseli.

Shangazi yake alipanda kutoka Korogwe na mwanawe.

“Wifi, huyu ana nini shingoni?”

“Tetekuwanga tu. Inakauka.”

Mama alisita. Amrudishe wifi mlangoni, baada ya safari yote ile? Aliona haya, akabandika chai. Usiku watoto wakalala kitanda kimoja.

Tetekuwanga huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya upele hadi kila lengelenge lifanye gaga. “Inakauka” si “imekauka”. Na mtoto aliyepandikizwa uloto ni kama amezaliwa upya: kinga ya chanjo alizochomwa kliniki huweza kupotea. Huanza kuchanjwa tena baada ya miezi kadhaa, na ile ya surua, kwa kuwa ina virusi hai, husubiri angalau miaka miwili. Katika kipindi hicho ngao yake ni vidonge vya asiklovia, na watu wa nyumbani kwake.

Vidonge mama alikuwa ameviacha. Mtoto amenenepa, vya nini tena? Kosa hili namsamehe kwa shida. Lile la haya ninalielewa, maana hata mimi sijawahi kumfukuza wifi.

Bado palikuwa na nafasi. Angepiga simu Dodoma asubuhi ile ile, wangemwambia la kufanya, maana kinga ya dharura hufaa siku chache za mwanzo tu. Hakupiga. Wiki mbili baadaye homa ikapanda, akampa panado, akangoja siku mbili. Malengelenge yakatoka, kisha pumzi ikabana. Walimshusha Korogwe usiku, akihema kama aliyepanda mlima kwa miguu.

Dodoma hakufika.

Chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania, kwa hiyo usitegemee kwamba binamu amekwisha kuchanjwa. Shangazi mwenye mtoto wa upele, mpe pole mgonjwa kwa simu. Mlima hautahama.