Vyuo Vitatu Vimemchagua, Mkopo Haujulikani

Mpuguso ni mahali pa walimu. Chuo cha Ualimu kiko hapa hapa, na ukitembea kuelekea Tukuyu mjini si kazi kupata nyumba yenye mtu aliyewahi kushika chaki. Kwa hiyo matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, habari haibaki ya familia moja. Watu wanauliza: kapata daraja gani, kaomba wapi, ukoo utachanga kiasi gani. Mwaka huu jirani zangu waliniita nikae nao kwenye kikao. Binti yao, aliyesoma fizikia, kemia na biolojia (PCB), alikuwa amechaguliwa na vyuo vitatu kwa mpigo, na neema hiyo iliwakosesha usingizi.

Chuo kimoja binafsi kilimpa nafasi ya udaktari wa binadamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpa shahada ya sayansi pamoja na ualimu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilimpa kilimo cha bustani, yaani matunda, mboga na maua. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hupata namba ya siri kwenye simu, akaiingiza kwenye mfumo wa chuo anachokitaka kabla ya siku iliyopangwa. Akishathibitisha, nafasi nyingine zinakwenda kwa wenzake.

Baba alikuwa ameshaamua: udaktari. Ukoo haujawahi kutoa daktari, na jina hilo peke yake lilitosha kumwinua kitini. Mama hakubisha. Aliuliza swali moja tu, nalo likakaa katikati ya sebule mpaka jioni: "Baba Tumaini, mkopo ukikataa, tutalipa na nini?"

Wazee waliokwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya sitini na sabini hawakukaa vikao vya namna hii. Serikali iliwalipia masomo, na wengi walikuta kazi ikiwangoja. Uchangiaji wa gharama ulipoingia mwanzoni mwa miaka ya tisini, hesabu ikahamia nyumbani kwa mzazi. Baadaye sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ikaanza kazi Julai 2005. Tangu hapo watoto wengi wa wakulima wamesoma ambao bila Bodi wangeishia kwenye ndoto. Nalisema hili kwa shukrani ya kweli, kwa sababu ninalolalamikia si kuwapo kwa Bodi. Nalalamikia kalenda.

Vyuo hutangaza waliochaguliwa awamu ya kwanza kuanzia mwishoni mwa Agosti au Septemba, na dirisha la kuthibitisha hufunguka hapo hapo. Majina ya waliopata mkopo kwa kawaida huanza kutoka Oktoba, bachi baada ya bachi. Maana yake mzazi anachagua chuo akiwa hajui kama mwanawe atapewa ada yote, sehemu yake, au hatapewa kitu. Tajiri hana shida na mpangilio huu. Anayeumia ni yule aliyepanga foleni steshenari kujaza fomu, akahangaikia uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, akafuata muhuri kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wakili. Huyo ndiye anayelazimishwa kuchagua akiwa gizani.

Tulikaa tukapiga hesabu kwenye daftari. Ada ya udaktari katika chuo binafsi huweza kuzidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, na masomo ni miaka mitano. Hiyo ni milioni 25 kabla ya chakula, chumba na nauli. Nyumba ile inaishi kwa majani ya chai, ndizi na maziwa ya ng'ombe mmoja. Mjomba aliyeko Mbeya aliahidi kusaidia, na binamu wawili wakaahidi pia. Sina shaka na mioyo yao. Lakini nimeyaona mengi ya namna hii hapa wilayani Rungwe: mwaka wa kwanza ukoo unachanga kwa shangwe, mwaka wa pili simu hazipokelewi, mwaka wa tatu mtoto anarudi nyumbani na barua ya kuahirisha masomo. Wengine hawarudi tena chuoni. Kwa hiyo niliwaambia wasihesabu ahadi yoyote isipokuwa ile ambayo mwenye nayo yuko tayari kuitoa hata mwaka wa tano.

Mkopo nao ni deni la mtoto, na ni haki yake aambiwe hivyo mapema. Bumu la chakula na malazi, ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni shilingi 10,000 kwa siku, atalirudisha pamoja na ada. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi; mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na wengi walipumua. Hata hivyo, makato ya miaka mingi yanataka kozi ambayo mtu ataifanyia kazi kweli.

Hapo ndipo nilipomgeukia binti, maana tangu tukae hakuna aliyemuuliza. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe unataka nini?" Akamtazama baba yake kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka Morogoro. Baba akashtuka: "Miaka kumi na mitatu darasani, urudi kushika jembe?"

Swali hilo halikuanza na yeye. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Katika shule nyingi likageuka adhabu. Aliyechelewa namba alipimiwa kipande cha kulima. Aliyepiga kelele darasani akatumwa kung'oa magugu. Tumewalea watoto, kizazi baada ya kizazi, wakijua kwamba jembe ni la aliyekosea, kisha tunashangaa kozi ya kilimo ikionekana ni ya walioshindwa. Na hii ni Rungwe, ambako ardhi ya volkano na mvua nyingi hulisha chai, migomba, viazi na parachichi za Hass zinazouzwa mpaka Ulaya. Ikiwa kuna wilaya inayopaswa kumheshimu msomi wa matunda, ni hii.

Binti huyo, likizo zake zote, anashinda kwenye kitalu cha jirani akibebesha miche ya parachichi. Hakuna aliyemtuma. Anajua kikonyo kipi kitashika na kipi kitakauka, na akikueleza sababu unasahau kwamba hajafika chuo. Mimi naamini kozi inatafutwa hapo, kwenye lile ambalo mtoto hulifanya bila kusukumwa, kabla ya kutazama ukubwa wa jina la chuo. Angekuwa ni mtoto wa kushinda zahanati akiuliza maswali, ningesimama na baba yake tutafute nafasi ya udaktari katika chuo cha umma, maana Rungwe inahitaji madaktari. Ualimu nao sikuudharau. Nisingethubutu, nikiwa Mpuguso.

Alithibitisha Sokoine. Baba alikubali kwa shida, na bado anakubali kidogo kidogo. Ada ya chuo cha umma ni mzigo ambao nyumba ile inaweza kuuinua hata mkopo ukija nusu, ng'ombe akibaki zizini. Ninapoandika haya, Bodi haijatoa majina.

Wazazi wenzangu, mwonesheni mtoto daftari la mapato ya nyumba kabla hajagusa ile namba ya siri. Ana umri wa kulielewa. Na ninyi wakubwa wa Bodi ya Mikopo na Tume ya Vyuo Vikuu, kaeni meza moja mpange tarehe upya, ili jibu la mkopo limfikie mwombaji kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa.