Je, Ni Haki Kumtengenezea Mtoto Kitamu Wakati wa Uhaba?



Kila mwaka, kuanzia Septemba mpaka Novemba, ndugu zetu waliopelekwa nchi ya tatu, Marekani na Kanada, hututumia picha kwa simu. Huko ni majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na wengi kwa Kiswahili huyaita vuli. Ni wakati wa kuvuna tufaha na maboga. Watoto huketi jikoni pamoja na mama zao wakikata matunda, wakikaanga mbegu za boga, wakikoroga unga wa keki. Kanada wana Siku ya Shukrani Jumatatu ya pili ya Oktoba, na Marekani Alhamisi ya nne ya Novemba. Watoto wetu wakiziona picha hizo huuliza: "Mama, na sisi tutatengeneza lini?"

Swali hilo ni zito, kwa sababu hapa Nakivale miezi hiyo ni ya kupanda. Mavuno ya Juni na Julai yamekwisha kuliwa, na ya Desemba na Januari bado. Tena tangu mwaka 2023 WFP imekuwa ikigawa msaada hapa Uganda kwa kupima uhitaji wa kila nyumba, na ziko familia zilizotolewa kwenye orodha. Basi mzazi hujiuliza: je, ni haki kuchukua karanga na sukari na kuni nikafanya kitamu, wakati sijui ya kesho?

Wako wanaojibu kwamba si haki. Wanasema kitamu hakishibishi, na kwamba mtoto aliyezoea vitamu atashindwa na maisha ya ukimbizini. Tusiwaone watu hao kuwa na moyo mgumu. Aliyewahi kulaza watoto bila chakula anajua thamani ya kikombe kimoja cha karanga. Fedha ya sukari ingeweza kununua sabuni, chumvi au daftari. Kwa hiyo tukubaliane nao katika mambo matatu. Karanga zilizowekwa kuwa mbegu zisiguswe. Maharage ya chakula yasiuzwe ili kupata sukari. Na mtu asikope dukani kwa ajili ya kitamu, kwa maana deni hubaki nyumbani baada ya utamu kwisha mdomoni.

Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumelijibu tumbo tu. Mtoto ana njaa nyingine. Fikirini maisha ya mtoto aliyezaliwa hapa makazini. Tangu anaanza kutembea amejifunza kupanga foleni, kusubiri jina lisomwe na kupokea alichopimiwa. Jina lake liko kwenye karatasi ya familia kama mdomo mmoja wa kulishwa. Hakuna ubaya katika kupokea, maana wengi wetu tuko hai kwa sababu ya mikono iliyotupa. Ubaya ni mtoto kukua akidhani kwamba watu wamegawanyika mara mbili, wanaotoa na wanaopokea, na kwamba yeye alizaliwa upande wa pili.

Mtoto huyo anapomenya karanga, anapokoroga, anapokata vipande na kumpelekea bibi wa nyumba ya tatu, siku hiyo yeye ndiye mtoaji. Bibi anamshukuru kwa jina lake. Jambo hilo halifundishwi kwa maneno, ni lazima lipite mikononi mwake. Ndiyo sababu kitamu kilichotengenezwa na mtoto si sawa na peremende iliyonunuliwa dukani. Peremende naye huipokea tu.

Maandiko nayo yanatufundisha. Katika Walawi 23 na Kumbukumbu la Torati 16 tunasoma habari za Sikukuu ya Vibanda. Iliangukia mwezi wa saba wa kalenda yao, ambao kwetu ni Septemba au Oktoba, na huko kwao ndiyo vuli, baada ya kukusanya nafaka na zabibu. Kwa siku saba watu waliacha nyumba zao na kukaa katika vibanda vya matawi, ili watoto wao wajue kwamba baba zao waliishi hivyo walipotoka Misri. Waliamriwa kufurahi, na walioitwa kwenye furaha hiyo wametajwa: wana na binti, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mungu hakungoja watu wasahau maisha ya vibandani ndipo wafurahi. Kumbukumbu ya kibanda na furaha ya mtoto viliwekwa katika juma moja. Sisi tunaokaa chini ya maturubai na nyumba za udongo tuna sababu ya kulielewa jambo hili.

Basi tufanye nini kwa kidogo tulicho nacho? Kashata inafaa. Chukua vikombe viwili vya karanga na kikombe kimoja cha sukari. Watoto wachague karanga kwanza, na zile zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, maana zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo hudhuru ini na haiondoki kwa kukaanga. Kaanga, ziache zipoe, kisha watoto wazifikiche ngozi na kupepeta. Wazitwange kidogo. Kwa wale walio chini ya miaka mitano twanga mpaka zilainike, kwa kuwa karanga nzima huweza kumkaba mtoto. Sukari iyeyushwe na mtu mzima peke yake, kwa robo kikombe cha maji na chumvi kidogo, mpaka iwe rangi ya asali. Sukari ya moto hunata na kuunguza vibaya kuliko maji, kwa hiyo watoto wakae mbali na jiko. Changanya, mimina kwenye sahani iliyopakwa mafuta, na ukate kabla haijawa ngumu. Utapata vipande vidogo kama 20. Asiye na sukari achemshe boga au viazi vitamu, na mbegu za boga zioshwe, zianikwe na kukaangwa kwa chumvi. Hizo nazo watoto huzipenda sana.

Linabaki jambo gumu zaidi, nalo ni mtoto wa jirani. Harufu ya karanga haina mpaka wa shamba. Wengine huona heri kupika usiku mlango umefungwa. Lakini hapo mtoto anafundishwa kwamba furaha ni kitu cha kuficha. Wengine humnyang'anya mtoto sahani na kugawa vyote, ili wasisemwe. Hapo mtoto ameona mgao mwingine tu, na safari hii mgawaji ni mama yake. Njia iliyo bora ni kuhesabu kabla ya kukata. Hesabu pamoja na mtoto: nyumbani tuko wangapi, nje wako wangapi, na nani hakuja kwa sababu ni mgonjwa. Kata vipande kwa hesabu hiyo, hata vikiwa vidogo kama kidole. Kisha mwachie mtoto vipande viwili viwe vyake kabisa, na uamuzi uwe wake. Akivila vyote, usimkemee. Akimpa mwenzake kimoja, usimsifu mbele ya watu. Mwache auonje moyo wake mwenyewe.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kufanya kitamu wakati wa uhaba ni haki, ikiwa mbegu imebaki salama, deni halikuingia nyumbani, mkono wa mtoto umefanya kazi, na jirani amehesabiwa. Pakikosekana moja kati ya hayo, ngojeni mpaka wakati mwingine. Yakiwapo yote, msiogope kusemwa. Mtoto aliyewahi kutoa akiwa na kidogo hatakuwa mgeni katika kutoa siku atakapopata kingi, iwe ni hapa, ni ng'ambo, au ni nyumbani tulikotoka.