Fungu Lisiloonekana

Kiangazi cha 2009, wakazi wengi wa miji ya kaskazini-mashariki mwa Marekani waliokuwa wamelipia mboga zao mapema walifungua kapu la wiki wakakuta sukuma wiki, vitunguu, viazi. Nyanya, hakuna. Juni ilikuwa ya mvua na baridi, ugonjwa wa bakajani chelewa ukashuka mashambani, na miche yenye ugonjwa iliyouzwa madukani ikauchochea. Hela ilikwisha kulipwa zamani.

Je, walidhulumiwa?

Mpango wenyewe ni mwepesi. Mtu wa mjini humlipa mkulima kabla ya msimu, kisha hupewa fungu la mavuno kila wiki. Wajapani wamekuwa nao tangu miaka ya 1970, wakiuita teikei. Marekani ulianzia 1986 kwenye mashamba mawili, Indian Line na Temple-Wilton. Ila fungu la sokoni hulitazama, ukaligeuza, ukalipunguza bei. Hili la shambani halijaota.

Waislamu walilikuta mapema swali hili la kulipia kisichokuwapo bado. Mtume Muhammad alipofika Madina, watu walikuwa wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwazuia, aliwataka wajue kipimo, uzito na muda. Hiyo ndiyo biashara ya salam, ya kulipa sasa na kupokea baadaye. Lakini alikataza kuuza matunda mtini kabla uzima wake haujaonekana, na mafakihi wengi wakaongeza kwamba salam isifungwe na shamba moja lililotajwa: likiharibika hilo, deni litalipwa na nini?

Kwa mizani hiyo kapu la mboga halipiti. Halina kipimo, na limefungwa na shamba lile lile moja.

Labda kosa liko kwenye neno “kununua”. Pale Temple-Wilton, wakulima huweka bajeti ya mwaka mbele ya wanachama, na kila mmoja huahidi kadiri ya uwezo wake, hata gharama zitimie. Kinacholipiwa ni kulima, si nyanya. Hapo tunakaribia muzaraa, ambamo mwenye ardhi na mlimaji hugawana kinachopatikana. Shamba likikosa, wamekosa wote. Tatizo ni kwamba wa mjini mara nyingi huingia kama mshirika, na mvua ikizidi hugeuka mteja.

Mashamba mengi huandika wazi kwenye fomu kwamba hasara ya msimu ni ya wote. Fomu hizo husainiwa mwishoni mwa baridi, theluji ingali nje, na nyanya zingali mbegu kwenye pakiti.